Si kila damu kwenye mkojo ni kichocho: Uvimbe unaopenya hadi mshipa mkuu wa mwili

KATIKA vijiji vilivyo kandokando ya Mto Tana, jirani na Bura, mtoto kukojoa damu si habari ya kushtua. Wazazi hulitaja jina la ugonjwa kabla hawajafika zahanati: kichocho. Maji ya mto na ya mifereji ya kunyunyizia mashamba yana konokono wanaohifadhi vimelea vya maradhi hayo, na watoto huyaingia kuoga, kuchota na kucheza. Dawa yake inajulikana, humezwa kwa siku moja, na kwa kawaida damu hukoma baada ya wiki chache.

Mazoea hayo yana hatari yake. Kwa mtoto mmoja kati ya wengi sana, damu hiyo haitoki kwenye kibofu bali kwenye figo, ambamo uvimbe wa saratani umeanza kukua. Na miongoni mwa watoto hao wachache, wapo ambao uvimbe wao haukai ndani ya figo. Hupenya katika mshipa unaotoa damu kwenye figo, ukaufuata mshipa huo hadi katika mshipa mkuu wa mwili, na mara nyingine ukapanda hadi moyoni.

Bura ni jina la makazi mawili yanayotazamana. Bura ya Garissa iko mashariki mwa mto, katika eneo la Fafi, na wakazi wake wengi ni wafugaji. Ng'ambo ya pili, katika Kaunti ya Tana River, ndiko uliko mradi wa unyunyiziaji ulioanza kupokea wakulima kutoka sehemu mbalimbali za nchi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mto ni mmoja na magonjwa yake hayajui mpaka wa kaunti. Ndiyo maana mhudumu wa afya wa pande hizo, akipokea mgonjwa mwenye damu kwenye mkojo au tumbo lililovimba, huwa na majibu kadhaa tayari kichwani, na mara nyingi huwa sahihi. Tatizo ni siku ambayo si sahihi.

Mshipa wenyewe

Mshipa unaozungumziwa hapa huitwa na madaktari vena kava ya chini. Huanzia chini kidogo ya kitovu, mahali mishipa miwili inayopandisha damu kutoka miguuni inapokutana, ukapanda upande wa kulia wa uti wa mgongo, ukapita nyuma ya ini, ukatoboa kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, kisha ukamimina damu ndani ya moyo. Kila tone la damu kutoka miguuni, nyongani, kwenye figo na kwenye ini hurudi kwa njia hiyo.

Kwa mtu mzima upana wake ni kama sentimita mbili au zaidi. Kuta zake ni nyembamba, na damu iliyomo haisukumwi kwa nguvu kama ile ya ateri, bali hutiririka polepole. Utulivu huo ndio unaouwezesha uvimbe kukua ndani yake kwa miezi mingi bila mgonjwa kuhisi jambo.

Uvimbe wa mshipa huu ni wa aina mbili kwa asili yake. Aina ya kwanza huzaliwa katika ukuta wa mshipa wenyewe, kwenye misuli laini iliyomo. Saratani hiyo huitwa leiomayosakoma. Ni adimu mno: daktari Perl aliieleza mwaka 1871 baada ya kuchunguza maiti, na tangu wakati huo visa vilivyoandikwa katika majarida ya tiba ya dunia nzima ni mamia machache tu. Huwapata zaidi wanawake, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 50 au 60. Daktari anaweza kufanya kazi hadi kustaafu asikione hata kisa kimoja.

Aina ya pili ni mgeni aliyetoka kwa jirani. Kwa watu wazima hutoka mara nyingi katika saratani ya figo, na pia katika saratani ya ini au ya tezi iliyo juu ya figo. Kwa watoto, chanzo kikuu ni uvimbe wa Wilms, saratani ya figo iliyopewa jina la daktari mpasuaji Mjerumani, Max Wilms, aliyeieleza kwa kina mwaka 1899. Uvimbe wa Wilms humpata takriban mtoto mmoja katika kila 10,000, hasa walio chini ya miaka mitano. Katika kila watoto 100 wenye uvimbe huo, kati ya wanne na kumi huwa tayari umeingia katika mshipa mkuu. Kwa eneo kama Bura, hii aina ya pili ndiyo yenye uzito zaidi, kwani idadi ya watoto ni kubwa na, tofauti na saratani nyingi, uvimbe wa Wilms hupona ukitibiwa vyema.

Magonjwa yanayouficha

Kichocho cha mkojo chenyewe, kwa kweli, ni ugonjwa wa mishipa. Minyoo yake huishi ndani ya vena ndogo zinazozunguka kibofu, na ni mayai yao yanayokwaruza ukuta wa kibofu na kutoa damu. Ila dalili zake zina mpangilio wake. Damu ya kichocho huonekana zaidi mwishoni mwa kukojoa, mara nyingi pamoja na maumivu, na wagonjwa wengi ni watoto wa umri wa kwenda shule. Mkojo ukichukuliwa mchana, kati ya saa nne asubuhi na saa nane, na kutazamwa kwa hadubini, mayai huonekana.

Damu inayotoka kwenye figo huchanganyika na mkojo wote tangu mwanzo hadi mwisho, na aghalabu haina maumivu. Mtoto wa miaka miwili au mitatu, ambaye hajaanza kwenda mtoni peke yake, anapokojoa damu ya namna hiyo, kichocho si jibu la kuridhika nalo upesi. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyekwisha kumeza dawa na damu ikaendelea baada ya wiki kadhaa. Mayai kuonekana kwenye mkojo hakumalizi swali pia, kwa kuwa mtoto wa Tana anaweza kuwa na kichocho na uvimbe kwa pamoja.

Hata hivyo, watoto wengi wenye uvimbe wa Wilms hawakojoi damu kabisa. Dalili ya kwanza ni tumbo. Mama anapomwogesha mtoto au kumvisha nguo, mkono wake hugusa kitu kigumu upande mmoja. Mtoto hucheza kama kawaida, haumwi, wala hana homa. Katika maeneo ya kaskazini mashariki, tumbo la namna hiyo huhusishwa kwanza na malaria ya muda mrefu au na kala-azari, ugonjwa unaoenezwa na usubi na ambao umelipuka mara kwa mara katika kaunti za huko. Magonjwa hayo huvimbisha wengu, na wengu huwa upande wa kushoto, chini ya mbavu.

Kuna tofauti ambazo mhudumu mwenye uzoefu huzitambua kwa mkono. Wengu uliovimba una ukingo unaohisika na husogea chini mgonjwa anapovuta pumzi. Uvimbe wa figo ni wa mviringo, umekaa nyuma zaidi, na husukumika mkono mmoja unapowekwa mgongoni na mwingine mbele. Kala-azari humdhoofisha mtoto kwa homa ya wiki nyingi. Uvimbe wa Wilms mara nyingi humwacha akiwa na afya ya nje inayodanganya. Shinikizo la damu likipimwa na kukutwa juu kwa mtoto mdogo, hilo nalo huelekeza kwenye figo. Inasikitisha kwamba kipimo hicho, kisicho na gharama yoyote, hakifanywi sana kwa watoto kwa sababu mkanda wa kupimia unaotosha mkono mdogo huwa haupo.

Jambo moja linahitaji kutiliwa mkazo. Tumbo lenye uvimbe wa figo halipaswi kubonyezwabonyezwa, kukandwa kwa mafuta wala kuchomwa kwa moto, tiba ya jadi ambayo bado ina heshima miongoni mwa jamii za wafugaji. Ganda la uvimbe huu ni jembamba. Likipasuka, chembechembe za saratani humwagika tumboni, na mtoto ambaye angetibiwa kwa dawa chache huhitaji dawa nyingi zaidi na miale.

Kwa mtu mzima kinyago ni kingine: miguu iliyovimba. Mguu mmoja unapovimba ghafla, daktari hushuku bonge la damu kwenye vena ya mguu, na dawa za kuzuia damu kuganda huanzishwa. Lakini miguu yote miwili inapovimba kwa pamoja, huku mishipa ya ngozi ya tumbo ikijitokeza kama kamba, sababu huenda iko juu zaidi, mahali njia za miguu yote miwili zinapokutana. Mishipa hiyo ya ngozi ni njia za pembeni ambazo mwili umejichimbia baada ya barabara kuu kuzibwa. Mwanamume ambaye mishipa ya korodani imetuna, hasa upande wa kulia, na haipungui hata anapolala chali, naye anahitaji kupigwa picha ya tumbo.

Picha kabla ya kisu

Kifaa cha kwanza kinachofichua siri hii ni altrasaundi. Haina miale, haiumi, na inapatikana katika hospitali nyingi za kaunti na za kaunti ndogo. Kwa dakika chache huonyesha kama uvimbe uko kwenye figo, kwenye wengu au kwenye ini. Ila mpigaji picha akiishia hapo, kazi imebaki nusu. Ni lazima aufuate mshipa wa figo hadi kwenye mshipa mkuu, na mshipa mkuu hadi unapoingia moyoni, akitazama kama damu inapita au kuna kitu kimekaa ndani. Ombi la daktari likiandikwa tu "picha ya tumbo", mshipa huweza kusahaulika. Likiandikwa "tazama na vena kava", hausahauliki. Maneno hayo machache kwenye karatasi ndiyo yanayoweza kumpeleka mtoto katika hospitali inayofaa mapema.

Baada ya hapo hufuata skani ya CT pamoja na dawa ya rangi inayodungwa kwenye mshipa. Bonge la damu la kawaida halinyonyi rangi hiyo. Uvimbe hunyonya, kwa sababu una mishipa yake midogo inayoulisha. Skani huonyesha pia kama saratani imefika mapafuni, ambako chembe za mshipa huu huelekea kwanza. MRI husaidia kujua kama uvimbe umeshikamana na ukuta wa mshipa au unaning'inia tu ndani yake. Iwapo kuna dalili kwamba umefika moyoni, moyo hupigwa altrasaundi yake.

Kuhusu kuchukua kipande cha nyama kwa ajili ya maabara, kanuni hutofautiana. Kwa mtu mzima anayeshukiwa kuwa na leiomayosakoma, kipande huchukuliwa kwa sindano ndefu inayoongozwa na picha, au kwa waya mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa wenyewe. Kwa mtoto mwenye picha zinazoonyesha wazi uvimbe wa Wilms, madaktari wengi huanza tiba bila kuchoma sindano, wakihofia kumwaga chembe za saratani.

Lengo la picha zote hizi ni kujibu swali moja: ncha ya uvimbe imefika wapi? Wapasuaji huigawa safari hiyo katika ngazi nne. Ya kwanza ni pale mlangoni, mshipa wa figo unapoungana na mshipa mkuu. Ya pili ni juu ya hapo lakini chini ya ini. Ya tatu ni nyuma ya ini. Ya nne ni juu ya kiwambo au ndani ya moyo. Mpasuaji anayefungua tumbo bila kujua ngazi anaweza kuivuta figo, ncha ikakatika na kusafiri na damu hadi mapafuni, na mgonjwa akafariki juu ya meza kwa muda usiotosha hata kuita msaada.

Dawa kwanza, kisha upasuaji

Kwa watoto wenye uvimbe ndani ya mshipa mkuu, upasuaji hausogezwi mbele. Hutanguliwa na tibakemikali ya wiki kadhaa, kwa dawa kama vinkristini na aktinomaisini, na doksorubisini inapohitajika. Uvimbe wa Wilms ni mwepesi wa kuitikia dawa hizi. Ncha iliyokuwa nyuma ya ini huweza kurudi chini ya ini, na iliyokuwa moyoni ikatoka moyoni, hivyo operesheni iliyohitaji kufungua kifua ikawa ya tumbo pekee. Picha hurudiwa kabla ya siku ya upasuaji, kwani ramani ya mwezi uliopita haitoshi.

Siku yenyewe hukutanisha wapasuaji wa watoto, wa mishipa au wa moyo, mtaalamu wa nusukaputi na damu ya kutosha katika friji. Tumbo hufunguliwa kwa upana. Mshipa mkuu huachanishwa na nyama zilizouzunguka, kisha mikanda laini huzungushwa mahali patatu: chini ya uvimbe, juu ya ncha yake, na kwenye mshipa wa figo ya pili. Ukanda wa juu ndio muhimu kuliko yote, kwa kuwa ndio unaouzuia uvimbe kukimbilia moyoni.

Kabla ya kufungua mshipa, mikanda hubanwa kwa majaribio. Mtaalamu wa nusukaputi hutazama shinikizo la damu. Likiporomoka, mikanda hulegezwa na mgonjwa huongezewa maji na damu kwanza. Likivumilika, ukuta wa mshipa huchanwa, uvimbe ukatolewa pamoja na figo iliyouzaa, ndani ya mshipa hukaguliwa na kusafishwa, na ukuta ukashonwa kwa uzi mwembamba. Kabla ya fundo la mwisho, damu huruhusiwa kujaa ili itoe hewa iliyobaki. Mshipa hubanwa kwa dakika chache tu ikiwa kila kitu kimeandaliwa.

Uvimbe ulionasa ukutani hauchomoki hivyo. Hapo sehemu ya ukuta hukatwa na kuzibwa kwa kiraka, ama cha utando wa moyo ama cha kitambaa cha bandia. Na uvimbe uliobaki moyoni huhitaji kifua kufunguliwa na damu kupitishwa katika mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu. Nchini Kenya huduma ya mashine hiyo inapatikana katika hospitali chache, zikiwemo Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi na ile ya Tenwek huko Bomet.

Leiomayosakoma ya mtu mzima ina ugumu wake. Dawa haziipunguzi sana, na kwa kuwa imezaliwa ukutani, haiwezi kutolewa bila kuondoa kipande kizima cha mshipa. Jaribio la kwanza la kuikata lilielezwa na Melchior mwaka 1928. Leo, sehemu iliyokatwa huweza kubadilishwa kwa bomba la bandia. La kushangaza ni kwamba mara nyingine mshipa hufungwa tu bila kuwekewa chochote: kama uvimbe ulikuwa umeuziba polepole, zile njia za pembeni zimekwisha kukomaa na miguu huzoea. Hata figo mbili hazifanani katika jambo hili. Ya kushoto huweza kuishi mshipa wake ukifungwa karibu na mshipa mkuu, kwa sababu ina matawi mengine ya kupitishia damu. Ya kulia haina, na mshipa wake lazima uunganishwe upya au figo iondolewe. Hata baada ya upasuaji mzuri, saratani hii hurejea kwa wagonjwa wengi, mara nyingi mapafuni au kwenye ini, baada ya miaka kadhaa.

Safari ya kurudi tena na tena

Kutoka Garissa hadi Nairobi ni takriban kilomita 370, na Bura iko mbali zaidi kuelekea kusini. Safari moja familia huimudu, hata kama ni kwa kuuza mbuzi. Tiba ya uvimbe wa Wilms lakini huhitaji safari nyingi kwa miezi kadhaa, kabla na baada ya upasuaji. Mwishoni mwa mwaka 2023 mafuriko yaliikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi, na mgonjwa wa tibakemikali hawezi kuahirishiwa dawa hadi maji yakauke.

Uzito wa jambo hili umeonekana kwa takwimu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu watoto 133 wa Kenya wenye uvimbe wa Wilms ulikuta kwamba takriban nusu yao hawakuendelea kuonekana hospitalini. Waliokamilisha tiba yote walikuwa 33 tu. Miongoni mwa hao 33, zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa hai bila ugonjwa kurejea baada ya miaka miwili, kiwango kinachokaribiana na cha nchi tajiri. Dawa, kwa hiyo, zilifanya kazi. Kilichowashinda wengine ni kuzifikia.

Kituo cha kansa cha kanda kilichofunguliwa mjini Garissa kimepunguza sehemu ya mzigo huo. Upasuaji wa mshipa mkuu bado ni wa Nairobi, lakini dawa zinazotolewa kabla na baada yake si lazima zifuatwe huko zote, mradi hospitali hizo mbili ziwasiliane na faili la mgonjwa lisafiri naye.

Baada ya tiba, mtoto hupigwa picha ya kifua na altrasaundi ya tumbo kila baada ya miezi michache kwa miaka miwili ya kwanza, kipindi ambacho uvimbe wa Wilms ukirejea ndipo hurejea. Amebakiwa na figo moja, na figo moja inatosha maisha yote ikilindwa. Ila kichocho kisichotibiwa huweza kuziba mirija inayoshusha mkojo na kuiharibu figo hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo mtoto anaporudi Bura, madaktari humwandikia apimwe mkojo mara kwa mara, na ameze dawa za kichocho pamoja na wenzake zinapogawiwa shuleni.